Koti la Kugeuza

Mtu akija mbele yangu amevaa vizuri, cha kwanza ninachojiuliza ni nguo ile imetoka wapi. Sisemi kwa sauti. Ninamkaribisha, ninampa kiti, ninamuuliza habari za nyumbani. Lakini macho yangu yameshashuka kwenye pindo, yamepanda kwenye kola, yamepita kwenye vifungo, na kabla hajamaliza glasi ya maji nimeshajua kama suruali yake ilikuwa ya mtu mrefu kuliko yeye. Wajukuu wangu husema nina roho mbaya. Hawakosei, ila roho hiyo sikuzaliwa nayo, nilifundishwa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Gisenyi miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji wangali wanatembeza mbwa wao ufukweni jioni. Mashine yake ilikaa barazani kwa duka la vitambaa la Mwarabu mmoja, katika mtaa wetu wa Waswahili. Mashine ya pili ilikuwa nyumbani, nyuma ya pazia, na hiyo ilikuwa ya dada yangu. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada na kaka wakubwa huku. Yaya alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na saba. Yeye alishona, mimi nilipewa kazi za mkono: kupiga pindo, kukaza vifungo, kufumua nguo za zamani bila kuchana kitambaa. Mama alishika pasi na kugombana na mkaa uliolowa.

Nyumba ya fundi ni mahali pabaya pa kujifunza kuwaamini watu. Kulikuwa na karani wa serikali aliyepita kila asubuhi na koti la kijivu, watu wakisimama kumwamkia. Shati lake nililijua mimi. Kifua na kola vilikuwa poplini nyeupe, lakini mgongo mzima ulikuwa mfuko wa unga, maandishi ya kinu cha kusaga yakisomeka katikati ya mabega. Ndiyo maana hakuvua koti hata jua la saa saba. Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Nengo aliyekuwa na gauni jipya kila sikukuu. Wenzake walimwonea wivu wakafa nao. Kitambaa kilikuwa kile kile kimoja. Tulikuwa tunalifumua na kulishona kwa mtindo mwingine, na yeye anatuletea ndizi tunyamaze.

Na kinyume chake kilikuwepo. Kulikuwa na mzee aliyekuja na kaputula yenye viraka juu ya viraka, ananuka samaki mpaka Mama anafungua dirisha, na mitumbwi minne iliyofungwa pale chini ziwani ilikuwa yake. Wakulima wa Kanama walishuka sokoni na maharagwe, blanketi moja begani, miguu mitupu, na baba aliinuka kitini kuwasalimu kwa sababu alijua ng'ombe waliowaacha mlimani. Hakuinuka kwa karani.

"Nguo iko shahidi ya kulipwa," alikuwa akituambia. "Inasema kile mwenyewe anataka. We uiulize kwa ndani."

Alikuwa na namna yake ya kuiuliza. Mgeni akimpa mkono, baba aliupokea kwa mikono miwili, na watu walidhani ni adabu. Ilikuwa adabu, lakini kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinapita juu ya ncha ya mkono wa koti, kinapima kitambaa, kinatafuta mahali palipochakaa. Salamu ikiisha, hukumu nayo imeisha. Miaka ile vidole vyake vilikuwa vimebaki peke yake kazini. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, na rangi ya buluu na nyeusi alizichanganya. Hakutaka mtaa ujue. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikaa karibu naye, nikaona, nikamnong'oneza. Nilijivunia kazi hiyo kuliko mtu anavyopaswa kujivunia umbea.

Sasa, mwaka huo alikuja kijana kumposa yaya.

Alikuwa mtu wa kazi ya bandarini, anayeandika mizigo inayoshuka melini, Mwislamu, mwenye sauti ndogo. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu akipita barazani kwetu, na sikumtilia maanani. Alikuja na baba yake mdogo na mzee mmoja wa jirani, alasiri, baada ya swala. Walikaa sebuleni. Baba alimpokea mkono wake kwa mikono miwili, nikakiona kidole gumba kikifanya safari yake, na uso wa baba ukabaki umetulia. Koti lilikuwa la sufu, buluu ya kiza, zito, la kufaa baridi yetu ya ziwani. Lilimkaa vizuri. Katika mfuko wa kifuani alikuwa ametia kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe tatu.

Niliingia na chai ya tangawizi. Nikainama kumpa kikombe, na pale ndipo nilipoona. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kifuani upande wa kulia.

Mtu asiye wa nyumba ya fundi angepita hapo bila kuona lolote. Mfuko ni mfuko. Lakini koti la mwanamume mfuko wake wa kifuani uko kushoto, sijaona fundi anayeuweka kwingine. Ukiuona kulia, ujue koti limegeuzwa. Yaani koti lilikuwa limepauka na kuchakaa kwa nje, likapelekwa kwa fundi, akalifumua lote, akageuza kila kipande ili upande wa ndani, ambao jua halijauona, uwe wa nje, akalishona tena. Linatoka kama jipya. Matundu ya vifungo unaweza kuyaziba kwa uzi wa kitambaa chenyewe na kukata mengine upande wa pili. Mfuko wa kifua huwezi kuuhamisha, kwa sababu umekatwa kwenye nguo. Unavuka upande na koti lake.

Nikatazama matundu ya vifungo. Yalikuwa yamezibwa kwa ufundi ambao sijapata kuuona. Nikajisemea huyu amekwenda kwa fundi mkubwa, labda mpaka mjini Usumbura, ili atudanganye. Na kitambaa cheupe amekitia makusudi, tutazame weupe tusitazame upande. Nilitoka pale na sinia tupu, moyo unanidunda kwa furaha, naona haya kusema, lakini ilikuwa furaha. Nilikuwa nimemkamata mtu.

Yaya alikuwa nyuma ya pazia. Aliniuliza, "Wanasema nini?" Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikamwambia wanazungumza mvua.

Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, nilimwambia baba.

"Ile koti iko ya kugeuza."

Hakusimamisha mashine. "We ulionea wapi?"

"Mufuko ya kifua iko kuume, baba. Na ile matundu ilizibwa."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. "Mi nilishika mukono, sikusikia kitu."

"Njo maana alienda kwa fundi mukubwa. Anajua mikono yako."

Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe. Sikujua kama anajua. Lakini nilimwona baba akilipokea, akausukuma kando mkasi wake. Umaskini asingeukataa. Yeye mwenyewe alianza kwa kushona magunia. Alichokichukia ni mtu kujua njia ya vidole vyake na kuikwepa. Akasema wageni watarudi Ijumaa kuchukua jibu, na Ijumaa tutaona.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema. Majibu mazuri ninayo: nilimpenda yaya, sikutaka aende kuishi na njaa kwa mtu mwenye koti moja. Lakini mimi ni mtu wa kufumua, na nikijifumua mwenyewe naona mengine. Yaya akiondoka, kazi yake ingeniangukia. Na tangu wale wageni waje, alikuwa anaimba akishona, na wimbo ule haukunihusu. Sikuzoea kuwe na kitu chake ambacho sikijui.

Ijumaa ilinyesha. Walifika wamelowa, yule kijana zaidi ya wazee, kwa sababu alikuwa amewaachia mwavuli. Baba alimwambia, kwa upole kabisa, "Lete koti, mwanangu. Binti ataipigia pasi, ikauke. Utashikwa na baridi."

Kijana alishika ukosi wa koti lake. Alisema haidhuru, baba, litakaukia mwilini. Baba akanyoosha mikono yote miwili akasubiri. Huwezi kumkatalia mtu unayemposea binti, tena nyumbani kwake, akiwa amekunyooshea mikono. Akalivua. Chini yake alikuwa na shati safi, lililorekebishwa kola, na alionekana mwembamba.

Tuliingia chumba cha nyuma, baba na mimi na koti. Mama akaleta pasi. Yaya alikuwa jikoni na bibi, wanakaanga mandazi. Baba akaniambia nifungue bitana upande wa kwapa, vidole vinne tu. Nikafumua. Ndani, kitambaa kilikuwa kimepauka kuwa rangi ya majivu. "Nimesema nini?" nikamwambia. "Tazama." Nilisahau kuwa hawezi kutazama.

Yeye aliingiza kidole gumba, akakipitisha juu ya mshono, taratibu, kwenda na kurudi. Halafu akarudia. Nikaona uso wake unabadilika, na haukubadilika kuwa wa hasira kama nilivyotegemea.

"Shika hapa," akaniambia.

Nikashika. Mshono wa mkono, ukishonwa na mtu wa kuume, nyuzi zinalala upande mmoja. Hizi zililala upande wa pili, moja moja, ndogo, sawasawa. Katika Gisenyi nzima nilimjua mtu mmoja aliyeshona hivyo. Alikuwa jikoni anakaanga mandazi, na kijiko ameshika mkono wa kushoto, bibi akimgombeza kama kila siku.

Baba alikaa kwenye kitanda. Alisema kwa sauti ya chini, akijisemea mwenyewe, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akaniambia nishone bitana kama ilivyokuwa. Nikashona. Kwa haraka yangu mishono ilikuwa mibaya kando ya ile ya yaya, mtu yeyote angeiona. Nilitaka kumwambia baba basi, tuache, kama yaya mwenyewe ndiye aliyeshona basi anajua. Badala yake nikakata uzi kwa meno. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema, nitakuwa nimekosea tangu mwanzo.

Mama alilipiga pasi. Baba akalibeba mwenyewe sebuleni, la moto, akamvalisha yule kijana kwa mikono yake kama mtu anavyomvalisha mwanawe. Akakaa. Akasema maneno yanayosemwa.

"Bon, haya, tumewasikia, na tumefurahi. Lakini mutoto angali mudogo."

Kila mtu sebuleni alijua yaya ana miaka ishirini. Baba mdogo wa yule kijana aliangalia chini, akasema Mungu ndiye anayepanga. Mzee wa jirani akakohoa. Kijana alitia mkono ndani ya koti, upande wa kwapa, akapapasa. Najua alichokishika: mishono yangu. Akainua macho akatazama pazia, si mimi, akatazama pazia tu. Halafu akashukuru kwa chai na kwa pasi, wakaondoka mvua ikiwa bado inanyesha. Mandazi yalibaki.

Yaya alinikuta chumbani. Sikumsikia akiingia.

"Ni we?" akaniuliza.

"Ile koti ilikuwa ya kugeuza, yaya. Alitaka kutudanganya."

"Kumudanganya nani?"

Nikainama kuokota uzi sakafuni.

"Alileta ile koti barazani kukaza kifungo," akasema. "Baba alikuwa ameenda kuswali, mi nikabaki kulinda mashine. Akaniambia, hii iko ya marehemu baba yangu, sina ingine, nataka kuja kwenu nayo, na ninaona haya. Mi njo nilimwambia ailete. Mi niliigeuza. Siku sita, we ukiwa sokoni." Akafuta unga wa mandazi mikononi. "Aliniambia mimi kwanza, kabla ya watu wote. Sasa donc, nani alidanganywa?"

Nilimwambia angeniambia. Nilimwambia kwa ukali, kama yeye ndiye mwenye kosa. Akanitazama, akasema, "Ningekuambia we?" Akatoka kwenda kuosha vikombe. Sikumsikia akilia siku ile wala siku nyingine, na nilitega masikio.

Wiki tatu hazikupita akaja mposaji mwingine, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka Goma. Koti lake lilikuwa la gabadini mpya, ndiyo kwanza linavaliwa. Kidole gumba cha baba kilisafiri juu yake kikarudi kimeridhika. Mimi nilitazama mfuko, pindo, matundu, bitana alipoinua mkono kupokea chai. Hapakuwa na kasoro. Koti lilisema ana mali, na ilikuwa kweli, mali alikuwa nayo. Kwamba alikuwa na mke mwingine Usumbura hatukuliuliza koti, nalo halikusema. Hilo tulilijua mwaka uliofuata.

Mpaka leo nina shaka zangu kuhusu wiki zile tatu. Mfanyabiashara yule alikuwa akimuuzia Mwarabu wa barazani kwetu vitambaa, na alimjua baba tangu zamani. Alikuja haraka mno, kama mtu aliyekuwa amekaa mlangoni anasubiri mwingine atoke. Huenda baba alikuwa ameshaamua, akahitaji sababu, na mimi nikampelekea sababu mkononi asubuhi kabla ya chai. Siku moja, baba akiwa mzee na haoni kitu kabisa, nilimuuliza. Akasema, "We njo uliona, si mimi." Sikujua kama ananijibu au ananikimbia. Baba alikuwa fundi. Alijua kuficha mshono.

Yule kijana wa bandarini niliendelea kumwona. Alipita mtaani kwetu na koti lile lile kwa miaka miwili, kitambaa cheupe kifuani, na kila mara niligeuka nikajifanya nachagua nyanya. Baadaye nilisikia ameoa huko kwao, upande wa kusini wa ziwa. Sijui kama alitajirika. Watu wanaposimulia habari kama hizi hupenda kusema kwamba maskini yule alikuja kuwa tajiri, tukajuta. Sikusikia hivyo. Nadhani alibaki na koti moja, na mke anayejua liko moja.

Nguo ya harusi baba aliikata mwenyewe kwa kupapasa, nasi tukamsomea chaki. Ilikuwa satini nyeupe aliyoileta bwana harusi, nzuri kuliko yoyote iliyowahi kupita kwenye mashine zetu, na watu walikuja barazani kuishika tu. Walisema mtoto wa fundi amepata. Yaya aliishona nusu yake mwenyewe. Hakuimba.

Kwetu gauni la bibi harusi halimalizwi na mtu mmoja. Pindo la chini huachwa wazi mpaka siku ya mwisho, na kila mwanamke wa nyumba hushona kipande chake, vidole kumi hivi, ili anapokwenda kwa watu asiende peke yake. Bibi alianza, kwa mishono mikubwa ya uzee. Mama akafuata. Akaja shangazi wa kwanza, halafu binamu zetu. Walikuwa wanacheka na kusema maneno ya harusi, chumba kimejaa, yaya amesimama katikati na gauni mwilini, akigeuzwa kidogo kidogo. Sindano ikanifikia mimi. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimejipangia kushona kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona, na kumwambia pale chini, bila watu kusikia, kwamba nilikosea. Nilikuwa nimechagua hata maneno.

Yaya akainama, kama mtu anayerekebisha kiatu, akaichukua sindano katika vidole vyangu. Hakuivuta. Aliichukua tu, akaniangalia, na akasema polepole, "We acha, mudogo yangu."

Shangazi wa pili, aliyekuwa anasubiri zamu, akauliza, "Mbona mudogo yako hajashona?"

"Alishashona," yaya akamjibu, kwa sauti ya kawaida, watu wote wasikie. "Ya kwake iko kwa ndani."

Wanawake wakaridhika; mimi peke yangu nilijua ni ndani ya koti gani. Shangazi akapokea sindano, akapiga magoti pale nilipokuwa, nikampisha. Wakaendelea kuzunguka mpaka pindo likafunga, wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga pamoja nao. Alasiri ile yaya alivuka mpaka akaenda Goma kwa mumewe, na katika gauni lile zuri hapakuwa na uzi wangu hata mmoja.